Wakizima simu, watu wanahesabu kwa mkono



Wiki iliyopita tulibishana sana kwenye kikao chetu. Mmoja alisema sisi vijana tuache kabisa kuongea politiki ya nyumbani kwenye simu, kwa sababu kuna watu wanasoma. Mwingine akamjibu: waache wasome, tunaogopa nini na sisi tuko nje ya nchi? Ndipo dada mmoja, ambaye familia yake ingali upande wa Rutshuru, akasema: "Wewe uko nje, lakini mama yangu hayuko nje." Tukanyamaza wote. Tulitoka pale bila kukubaliana.

Basi tukafanya kama tunavyofanya kila tukikwama: tukarudi nyuma. Tukauliza wazee, tukasoma, tukalinganisha. Tulitaka kujua serikali za Kongo zilianza lini kuwasikiliza watu kwa siri, na watu walifanya nini juu ya hilo. Tulichokuta ni kwamba jambo hili ni la zamani kuliko simu. Kila mtawala alitaka kujua watu wanasema nini. Na kila mtawala aliogopa siku watu watakapojihesabu wenyewe.

BUKU YA MBELGIJI

Wakati wa Wabelgiji, Mkongomani hakutembea tu alivyotaka. Alibeba kitabu cha utambulisho, wazee wengine wanakiita buku tu, na humo mliandikwa anatoka kijiji gani, chifu wake ni nani, kodi amelipa au hajalipa. Kuhama eneo kulihitaji karatasi ya ruhusa. Mjini, usiku ukiingia, Mwafrika alipaswa kuwa kwenye mtaa wake, si kwa Wazungu. Hiyo ndiyo njia ya kumfuata mtu bila simu: unajua anatoka wapi, anakwenda wapi, na nani atajibu kwa niaba yake.

Na aliyesema maneno yasiyopendwa? Mwaka 1921 Simon Kimbangu alihubiri kule Nkamba, Kongo ya Chini, kwa miezi michache tu. Watu waliacha kazi za Wazungu kwenda kumsikiliza. Septemba mwaka huohuo akakamatwa, akahukumiwa kifo, halafu hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Alifia gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Miaka 30 kwa sababu ya mahubiri! Wafuasi wake wengi walihamishwa, wao na familia zao, wakapelekwa mikoa ya mbali. Adhabu hiyo Wafaransa wanaiita relégation. Si jela kamili. Unaondolewa kwenu, unawekwa mahali ambapo hakuna anayekujua wala kukusikiliza. Sisi wakimbizi hatuhitaji kamusi kuielewa.

Kura ilikuja imechelewa. Mara ya kwanza Wakongomani kupiga kura za miji ilikuwa Desemba 1957, tena kwenye miji mitatu tu: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Tarehe 4 Januari 1959, mkutano wa chama cha Abako ulipokatazwa Léopoldville, mji ulilipuka na watu wengi waliuawa. Siku tisa baadaye mfalme wa Ubelgiji akatamka neno uhuru kwa mara ya kwanza. Walidhani wakizuia mkutano watazuia maneno. Maneno yakatoka barabarani.

Mei 1960 ikawa uchaguzi wa kwanza wa nchi nzima. Chama cha Lumumba kilipata viti 33 kati ya 137, vingi kuliko chama kingine chochote, ila si vya kutosha kutawala peke yake. Tusisahau: wanawake hawakupiga kura mwaka ule. Ile hesabu tunayoisifu iliwaacha nje mama zetu na bibi zetu. Na hata hiyo haikudumu. Septemba Lumumba aliondolewa, na tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga.

KADI YA KIJANI NA KADI YA NYEKUNDU

Mobutu alichukua madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Mwaka 1967 akaanzisha chama cha MPR, na baadaye ikawa kila raia ni mwanachama tangu anapozaliwa. Mtoto mchanga hajaweza kusema "mama", tayari ni mtu wa chama!

Uchaguzi wa rais wa 1970 wazee wetu wanausimulia huku wanacheka, lakini si kicheko cha furaha. Mgombea alikuwa mmoja, Mobutu. Mpiga kura alipewa rangi mbili: kijani, maana yake tumaini, na nyekundu, maana yake fujo. Sasa wewe simama pale mbele ya watu wa chama, nyosha mkono uchukue ile nyekundu. Nani angefanya hivyo? Hesabu rasmi ilisema zaidi ya watu milioni 10 walikubali na 157 walikataa. Jumla ya kura ilipita hata idadi ya watu walioandikishwa. Hapo ndipo tuliona kitu muhimu: kura isiyokuwa ya siri si kura tena, ni upelelezi. Haikuulizi unamtaka nani. Inakuuliza kama unaogopa vya kutosha.

Pembeni kulikuwa na idara ya usalama. Iliwahi kuitwa CND, halafu AND, halafu SNIP, na tangu 1997 inaitwa ANR. Majina yalibadilika, kazi ikabaki ileile. Mtu aliongea kwa sauti ya chini hata nyumbani kwake, kwa sababu jirani angeweza kuwa sikio la serikali. Gazeti na redio vilisifu tu. Basi watu wakatengeneza redio yao, waliyoiita radio trottoir, redio ya kando ya barabara. Haikuwa na mtambo. Ilikuwa mdomo kwa sikio, sokoni, kwenye baa, kwenye foleni ya maji. Ilisema kweli nyingi ambazo gazeti lilificha. Ilisema na uongo mwingi. Msikilizaji hakuwa na njia ya kutenganisha, kwa sababu hakuna aliyeweza kusimama akasema "mimi ndiye niliyeona". Tukumbuke hilo tunapofika kwenye zamani zetu za simu.

Wachache waliamua kusimama na majina yao. Novemba 1980 wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ya wazi ya kurasa 52, wakaeleza makosa ya utawala wake moja moja. Wakasaini. Ilipita mkono kwa mkono. Walifungwa, na baadhi yao wakarudishiwa adhabu ya Mbelgiji: kupelekwa kijijini kwa nguvu na kukaa huko chini ya ulinzi. Mmoja wao alikuwa Étienne Tshisekedi. Mwaka 1982 yeye na wenzake walianzisha UDPS, wakati chama cha pili kilikuwa kosa la jinai.

Mwanzoni mwa 1990, Mobutu mwenyewe alizunguka nchi akiwaambia watu waseme wanachofikiri. Labda alitegemea sifa. Zikamjia barua na maandishi zaidi ya 6,000, nyingi zikiwa za lawama. Tarehe 24 Aprili 1990 alitangaza mwisho wa chama kimoja. Na Mkutano Mkuu wa Taifa ulipofungwa, Wakristo wa Kinshasa waliandamana tarehe 16 Februari 1992, askari wakawapiga risasi. Lakini mkutano ule ulifunguliwa tena.

SIMU ZIKAFIKA

Mwaka 2006 ndiyo mara ya kwanza kwa wazazi wetu wengi kupiga kura yenye wagombea wengi. Watu zaidi ya milioni 25 waliandikishwa, kwa picha na alama za vidole. Hapa kuna jambo ambalo ndugu wa mashirika huenda hawalijui: kwa kuwa Kongo haikuwa ikitoa kitambulisho cha taifa, karte ya uchaguzi ndiyo iligeuka kitambulisho. Unaionyesha benki, barabarani kwa askari, kwenye kununua laini. Wengi wetu tulivuka mpaka tukiwa nayo peke yake mfukoni. Kwa hiyo kwetu sisi, kuandikishwa kupiga kura na kuandikwa na serikali ni kitendo kimoja. Anayeogopa kuandikwa anakosa kura, na anayetaka kura anaacha kidole chake.

Halafu simu ikawa mikononi mwa kila mtu, na serikali ikagundua kitufe. Sheria ya mawasiliano ya 2002 iliipa nguvu ya kuzuia simu kwa sababu ya usalama wa umma. Tazameni jinsi kitufe kilivyotumika.

Desemba 2011, baada ya uchaguzi wa tarehe 28 Novemba, ujumbe mfupi wa simu ulizimwa nchi nzima kwa zaidi ya wiki tatu. Viziwi ndio waliumia zaidi, kwa sababu kwao ule ujumbe ndiyo sauti. Wenzao wakiweza bado kupiga simu na kusema "usitoke, kuna risasi", wao hawakuwa na njia.

Januari 2015, watu waliandamana dhidi ya kipengele cha sheria ya uchaguzi kilichotaka sensa ifanyike kwanza, maana yake Joseph Kabila angebaki hata baada ya muda wake. Intaneti ikakatwa. Makumi ya watu waliuawa. Lakini ndani ya siku chache Seneti ilirekebisha kile kipengele na sheria ikapita bila sharti lile. Soma tena: simu zilikuwa zimezimwa, na watu walishinda.

Desemba 2016, muda wa Kabila ulipoisha, mitandao ya kijamii ilifungwa. Tarehe 31 Desemba 2017, Wakristo walei walipoita maandamano, intaneti na ujumbe mfupi vikakatwa tena. Waumini walitoka na Biblia na rozari baada ya misa. Tangazo lilikuwa limesomwa kanisani, na kanisa halina kitufe.

DESEMBA 2018

Uchaguzi uliahirishwa miaka miwili, ukafanyika tarehe 30 Desemba 2018. Zililetwa mashine zaidi ya 100,000 kutoka Korea Kusini. Watu walizitilia shaka mapema. Kwa Kifaransa ukibadilisha herufi moja tu, mashine ya kupiga kura inakuwa mashine ya kuiba, na Kinshasa nzima ilitumia utani huo.

Kesho yake, tarehe 31, intaneti ilizimwa. Serikali ilisema inazuia matokeo ya uongo yasienee. Tukiwa wakweli, hofu hiyo haikuwa hewa tupu: uongo unaenea kweli, sote tumewahi kuutuma bila kujua. Lakini ukizima taa chumbani, mwongo na mkweli wote hawaonekani, na anayebaki anaona ni yule mwenye kitufe.

Ila kulikuwa na karatasi. Kwa sheria, kila kituo kinahesabu kura hapohapo, mashahidi wanasaini, na matokeo yanabandikwa mlangoni. Karatasi ile nyumbani tunaiita PV. Kanisa Katoliki lilikuwa limetawanya waangalizi karibu 40,000. Walisimama, wakasoma karatasi, wakaandika. Mwanzoni mwa Januari maaskofu walisema hesabu zao zinaonyesha mshindi aliye wazi, bila kumtaja. Tarehe 10 Januari 2019 tume ikamtangaza Félix Tshisekedi kwa asilimia 38.57, Martin Fayulu wa pili kwa asilimia 34.83. Maaskofu wakasema matokeo hayo hayalingani na waliyokusanya. Magazeti ya nje yalipata takwimu zilizovuja zilizompa Fayulu ushindi mkubwa. Mahakama ya Katiba ikathibitisha matokeo ya tume, na intaneti ikarudi wakati huohuo, baada ya karibu wiki tatu.

Kwa hiyo karatasi haikumweka mtu kwenye kiti. Lazima tuseme hivyo bila kupamba. Lakini juu ya karatasi zile, leo hatuongei uvumi. Mwaka 1970 hakuna aliyeweza kuonyesha kura halisi zilikuwa ngapi. Mwaka 2018 watu 40,000 waliweza kusema "nilikuwa pale, niliona, niliandika".

Na Beni? Siku nne kabla ya kura, tume ilisema Beni, Butembo na Yumbi hawatapiga kura siku hiyo, kwa sababu ya Ebola na vita, au machafuko kwa upande wa Yumbi. Wapiga kura zaidi ya milioni moja wakawekwa pembeni. Zamu yao ikapangwa Machi 2019, rais akiwa amekwisha kuapishwa. Tarehe 30 Desemba, vijana wa Beni walipanga vituo vyao. Watu walipanga foleni, walinawa mikono kwa ajili ya Ebola, wakapiga kura kwa karatasi za kawaida, zikahesabiwa kwa mkono mbele ya wote. Hazikuingia kwenye hesabu yoyote ya serikali. Baadhi yetu tuna ndugu waliosimama kwenye foleni zile. Tukiwauliza mlikuwa mnafanya nini kama mlijua haihesabiwi, wanajibu: tulikuwa tunaonyesha kwamba tupo.

MTOTO WA ALIYEFUNGWA

Sasa sikilizeni sehemu inayotuuma. Rais aliyeingia 2019 ni mtoto wa yule Étienne Tshisekedi wa barua ya kurasa 52. Familia hiyo inajua relégation kwa mwili wake. Wengi tulisema, huyu hatafanya yale.

Mwaka 2023 ikaja sheria mpya ya mambo ya dijitali, yenye adhabu ya kifungo kwa anayesambaza uvumi wa uongo mtandaoni. Septemba mwaka ule, miezi mitatu kabla ya uchaguzi, mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa kwa sababu ya makala ambayo hata haikuwa na jina lake. Simu zake zilichukuliwa. Alikaa gerezani miezi sita.

Hatusemi hivi ili kumtukana mtu. Tunasema kwa sababu kwenye mabishano yetu tunapenda kuuliza "nani?" Tunataka fulani atoke, fulani aingie, halafu tupumzike. Historia inatuonyesha kwamba aliyeumizwa na kitufe, akikikalia kiti, kitufe anakikuta pale mezani. Swali la kuuliza kila mgombea ni: kile kitufe utakifanyaje? Nani atakuzuia kukigusa?

NA SISI JE?

Uchaguzi wa Desemba 2023 uliruhusu Wakongomani wa nje kupiga kura kwa mara ya kwanza, lakini kwenye nchi tano tu: Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Marekani na Kanada. Sisi tulioko nchi jirani, ambao tunaweza kufika mpakani kwa basi, hatukuwemo. Masisi na sehemu kubwa ya Rutshuru hawakupiga kura kwa sababu ya vita. Mama wa dada yetu alikosa kura akiwa nyumbani, na dada alikosa akiwa hapa.

Wala tusidhani kitufe kiko Kongo peke yake. Ndugu zetu Warundi wanakumbuka Aprili 2015, WhatsApp ilipofungwa Bujumbura wakati wa maandamano, na Mei redio za binafsi zilipoharibiwa. Walioko Uganda wanakumbuka Januari 2021: siku tano bila intaneti wakati wa uchaguzi, mtu ametumiwa pesa na ndugu hawezi hata kusoma ujumbe. Mgeni hapigi kura, lakini giza linamfunika na yeye.

Tumerudi kwenye mabishano yetu. Hatujakubaliana yote. Ila tumeafikiana mambo machache.

Tutaendelea kuongea, kwa sababu mkimbizi aliyenyang'anywa kura akinyamaza mwenyewe, amemaliza kazi ya waliomfukuza. Lakini hatutaweka jina, picha wala kijiji cha mtu aliyebaki nyumbani. Ujasiri wetu usilipwe na mama ya mtu.

Hatutatuma habari bila kuuliza: nani aliona? siku gani? mahali gani? Radio trottoir ilikuwa lazima wakati ule. Sisi tuna nafasi ya kufanya vizuri zaidi. Uongo tunaosambaza ndio sababu wanayotumia kuzima.

Hatutatumia kabila la mtu kama jibu la hoja yake. Nchi yetu imezika watu wengi mno kwa maneno ya namna hiyo.

Na kwenu ndugu wa mashirika: tunapofika mezani kwenu na mnaomba vidole na macho yetu kwenye mashine, mkiona kijana anasita, msidhani ni ujinga. Babu yake alibeba buku. Baba yake alinyoshea mkono kadi ya kijani. Mwambieni tu, kwa lugha anayoielewa, habari zake zinakwenda wapi na nani ataziona. Hilo linatosha kwa kuanza.

Dada yetu wa Rutshuru alisoma maandishi haya kabla hatujayaweka hapa. Alitoa sentensi moja iliyomhusu mama yake, tukaifuta. Iliyobaki alisema iende.